Sukari ikishuka usiku, asubuhi usikimbizane nayo

Kwa wengi wenye kisukari tunaochoma insulini, shida sio ule usiku sukari inaposhuka peke yake, shida ni siku inayofuata. Unaamka saa nane usiku shuka limelowa jasho, moyo unadunda, mikono inatetemeka, unakula kila kilichopo jikoni, asubuhi mashine ya kupimia sukari inasoma 16 (namba zote hapa ni milimoli kwa lita, mmol/L), unashtuka unaongeza yuniti za insulini, saa tano asubuhi imeshuka tena, unakula tena, jioni iko juu, yani siku mbili nzima ni kupanda na kushuka tu. Na mara nyingi kinachoendesha hilo zogo ni hofu, ile ya usiku inayotufanya tule kupita kiasi na ile ya asubuhi inayotufanya tuongeze sindano. Ukizishika hizo sehemu mbili siku inatulia.

Tuanze na usiku. Ukijisikia dalili pima kwanza kama mashine iko karibu, chini ya 4 ni ya kutibu hapo hapo, na kama mashine haipo au stripu zake za kupimia zimeisha usisubiri, tibu tu. Kinachohitajika ni kama gramu 15 za sukari inayoingia haraka, maana yake vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300 (soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari), au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Kisha unakaa dakika 15 unapima tena, bado iko chini ya 4 unarudia kiasi kile kile. Chokoleti, karanga, maziwa, chapati, hivyo vyote vinachelewa, mafuta yanazuia sukari isiingie upesi, na wewe wakati huo unataka kitu cha haraka.

Hizo dakika 15 ndo ngumu kuliko kitu chochote kwenye kisukari. Ubongo unapiga kelele kula, kula, na tumbo linakubaliana nao, ndo mtu anamaliza soda nzima gramu 32, slesi nne za mkate gramu 60 hivi, ndizi mbivu moja 25, tayari amefika gramu 117 wakati alihitaji 15. Ile 16 ya asubuhi imetoka hapo! Dawa yake ni kuandaa mapema ukiwa na akili timamu, mimi kando ya kitanda huwa naweka sukari iliyoshapimwa kwenye kichupa kidogo pamoja na maji, sina haja ya kwenda jikoni kabisa, kwa sababu ukishafika jikoni huwezi kujizuia. Mwambie na unayelala naye au mtoto mkubwa wa nyumbani kichupa kiko wapi.

Ikishapanda juu ya 4 na bado ni muda mrefu hadi chai ya asubuhi, kula kitu kidogo cha kukushikilia, slesi moja ya mkate au ndizi ndogo inatosha, halafu urudi kulala. Ukiweza weka alamu upime tena baada ya saa moja au mbili, hasa kama jioni ulichoma insulini ya mchanganyiko au ile ya maziwa (yenye rangi nyeupe kama maziwa), maana hizo zinafika kileleni masaa kadhaa baada ya kuchoma na huenda bado zinafanya kazi mwilini.

Mtu akishindwa kumeza au amepoteza fahamu, tafadhali sana msimmiminie soda wala uji mdomoni, vinaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, kama kuna sindano ya glukagoni (homoni inayopandisha sukari) ndani mchomeni, kama haipo mkimbizeni hospitali akawekewe glukozi kwenye mshipa, na insulini asichomwe kwa wakati huo.

Sasa asubuhi. Kabla ya kupima nawa mikono kwa sabuni uikaushe vizuri, nasisitiza hili kwa sababu usiku ulishika sukari, asali, ndizi, vidole vyako vina sukari juu yake na mashine itasoma namba kubwa ambayo haimo kwenye damu. Ukikuta chini ya 4 tibu kwanza kama ulivyofanya usiku, kisha ule, ndipo uchome. Ukikuta iko juu, jiulize imetoka wapi. Mwaka 1938 mwanasayansi Michael Somogyi kule St. Louis, Marekani, alieleza kwamba sukari ikishuka usiku mwili unajitetea, homoni kama glukagoni na adrenalini zinaliamsha ini limwage sukari, ndo maana asubuhi iko juu. Ni kweli ini linafanya hivyo, lakini siku hizi watu wanavaa sensa, yani vifaa vidogo vya mwilini vinavyopima sukari usiku kucha, na imeonekana mara nyingi baada ya kushuka usiku sukari ya asubuhi inakuwa chini chini, sio juu. Kwahiyo ukiikuta juu sana, sababu ya kwanza kushuku ni kile ulichokula usiku, nyingine ni insulini ya jioni kuisha nguvu mapema, na nyingine ni homoni za alfajiri ambazo kuanzia kama saa kumi hadi saa mbili asubuhi zinapandisha sukari hata kwa mtu ambaye haikumshuka kabisa.

Cha kufanya basi, choma dozi yako ya kawaida uliyopangiwa, kula chai yako kwa kiasi cha kila siku, pima tena baada ya masaa mawili au matatu. Usiongeze yuniti za hasira. Insulini ya maji ile ya kawaida (isiyo na weupe) inaweza kukaa mwilini hadi masaa nane, ukichoma nyingine juu yake kabla ya ya kwanza kuisha zinajumlishana na ndo unaanguka saa tano. Na usiruke sindano pia kwa kuogopa usiku uliopita, hasa mwenye kisukari aina ya kwanza, ukikaa bila insulini sumu za ketoni zinajaa. Sukari ikizidi 14 na unatapika, tumbo linauma, unapumua kwa kasi, hiyo sio ya kukaa nayo nyumbani, nenda hospitali.

Siku hiyo yote chukua tahadhari. Baada ya kushuka mara moja, siku moja hadi mbili zinazofuata dalili zinakuwa hafifu, unaweza kufika 3 hujasikia jasho wala kutetemeka, kwahiyo pima mara nyingi zaidi ya ulivyozoea. Akiba ya sukari kwenye ini nayo imepungua, hivyo mazoezi makali, kulima juani, na pombe hasa, viahirishe. Kama unaendesha gari au bodaboda subiri sukari ifike 5 na zipite kama dakika 45 ndo ushike usukani, akili inachelewa kurudi kuliko namba. Na ndugu zangu mnaofunga Ramadhani, usiku imeshuka basi kesho yake ongea na daktari kabla ya kufunga, na ukiwa umeshafunga ikaenda chini ya 3.9, fungua.

Halafu tafuta chanzo, na hapa naona wengi tunakosea sindano ya kulaumu. Ukishuka saa nane usiku mhusika ni dozi ya jioni, ila mtu anapunguza ya asubuhi kwa sababu ndo iliyo mbele yake, mchana anapanda, usiku anashuka vile vile. Angalia jioni ilikuwaje, ulichoma ukachelewa kula? Ugali ulikuwa kidogo? Ulicheza mpira au ulibeba mizigo mchana? Ulikunywa pombe? Ulihama kuchoma kwenye uvimbe unaotokana na kuchoma sehemu moja kila siku, ukachoma ngozi laini, ambapo insulini inaingia yote? Ile ya maziwa uliibiringisha mikononi ikachanganyika vizuri? Kama hakuna jibu hata moja hapo, dozi ya jioni ni kubwa, na kawaida madaktari wanaipunguza kwa asilimia 10 hadi 20, mpigie wako siku hiyo hiyo usingoje tarehe ya kliniki. Mwenye shida ya figo ndo asingoje kabisa, insulini inakaa mwilini mwake muda mrefu zaidi.

Wanaotumia vidonge vya glibenklamaidi, wengi mnaijua kama Daonil, kwenu ni tofauti kidogo. Kidonge kile kinaweza kuivuta sukari chini tena na tena kwa siku nzima, mzee akishuka usiku akanywa soda akachangamka bado apelekwe hospitali akaangaliwe.

Ukienda kliniki beba daftari lenye namba za usiku pia, pima saa nane au saa tisa kwa siku tatu nne hivi, andika na saa ya kuchoma, saa ya kula na ulichokula. Namba za asubuhi peke yake hazimwonyeshi daktari kilichotokea ukiwa umelala.