Kupanga Mwanzo wa Filamu Fupi ya Mapenzi: Mwongozo kwa Wanafunzi

Mwanafunzi anayepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya mapenzi, wenye urefu wa dakika mbili hivi, kwa kawaida huanza kwa kutafuta mahali pazuri: ufukwe, bustani, machweo. Hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika, kwa sababu mahali pazuri peke yake hapasemi lolote kuhusu watu wawili waliosimama pale. Kinachomshika mtazamaji ni umbali uliopo kati ya wawili hao, pamoja na sababu inayouzuia umbali huo usifutike siku hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuandikwa kwenye daftari la maandalizi, kabla ya jina la filamu na kabla ya kuchagua waigizaji, ni hili: kwa nini wawili hawa hawawezi kupatana leo? Jibu likiwa ni kwamba bado hawajaonana, basi hadithi haijapatikana, maana wakishaonana kizuizi kimekwisha.

Vizuizi katika jamii zetu havihitaji kutafutwa mbali. Kuna dini, kuna kabila, kuna kipato, kuna dada mkubwa ambaye hajaolewa, kuna baba ambaye ameshamwahidi rafiki yake. Tatizo ni kwamba vizuizi vingi vya namna hii huishia kuelezwa kwa maneno, na dakika mbili ni chache mno kwa maelezo. Chagua kizuizi ambacho kinaweza kushikwa mkononi au kuonekana mezani. Binafsi ningeachana pia na ile desturi ya vijana kugongana kwenye korido hadi vitabu vikaanguka, ambayo imetumika mno na ambayo, kibaya zaidi, inawakutanisha wahusika kwa bahati tu bila kutuonyesha wanachotaka.

Mfano mmoja utatusaidia kupita hatua zote. Kijana ni fundi cherehani mwenye kibanda kidogo cha barazani, tuseme Dar es Salaam au Tanga. Binti anafika na mama yake, amebeba kitambaa kipya na gauni la zamani la kuchukulia vipimo, kwa sababu mama hataki binti yake apimwe mwilini na fundi wa kiume. Fundi analazimika kulitandaza gauni mezani na kulipima, bega kwa bega, kiuno, urefu, huku mwenye gauni amesimama hatua mbili kutoka pale akiangalia mikono hiyo. Hakuna anayemgusa mwenzake, na bado mtazamaji yeyote atatambua kwamba jambo limetokea. Hapo mama, ambaye yuko mlangoni akizungumza na jirani, anageuka na kusema gauni linatakiwa Ijumaa.

Kwenye mswada mazungumzo hayo yanaweza kuwa mafupi hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumekuletea kazi."

"Fundi, kipimo hiki hapa," anasema binti.

"La lini hili, dada?"

"La mahafali ya Kidato cha Nne."

"Basi mabega yatakuwa yanakubana sasa."

"Liwe tayari Ijumaa, baba," anasema mama. "Jumamosi tuna wageni."

"Ijumaa, Inshallah."

Neno "posa" halikutajwa, na sioni sababu ya kulitaja, kwa kuwa mtazamaji wa Pwani anajua vizuri wageni wanaoshonewa gauni jipya ni wageni gani, na asiyejua atasomewa na uso wa binti. Hata hivyo thamani kubwa ya mfano huu iko kwenye ile Ijumaa. Kila mtu aliyewahi kushonesha nguo anajua jinsi ahadi za fundi zinavyosogezwa, kutoka Ijumaa hadi Jumatatu hadi "njoo kesho kutwa". Kwa mara ya kwanza ucheleweshaji huo unapata maana: fundi akimaliza gauni kwa wakati, anamkabidhi binti kwa mwanamume mwingine, akichelewesha, anaharibu jina lake na kazi yake. Mwanzo wa filamu umeshaacha swali ambalo sehemu iliyobaki italazimika kulijibu, na ndiyo kazi yake. Ikiwa waigizaji ni wanafunzi wa sekondari, umri wa wahusika ulingane na wao na suala la uchumba liondolewe kabisa. Gauni linaweza kuwa la safari, binti akiwa anapelekwa kuishi kwa shangazi yake Muscat, na kizuizi kitabaki na nguvu ile ile.

Baada ya hapo gawanya muda. Kanuni ya kawaida husema ukurasa mmoja wa mswada ni sawa na dakika moja ya filamu, lakini kanuni hiyo hudanganya katika mapenzi, kwa kuwa mstari mmoja unaosema "fundi anapima gauni" unaweza kuchukua sekunde 30 kwenye kioo. Igizeni mswada kwa saa mkononi kabla ya kupanga kitu kingine chochote. Kwa mfano wetu, sekunde 20 za mwanzo zinatosha kuonyesha kibanda na kazi inayoendelea. Kufikia sekunde ya 40 binti awe ameshaingia na macho yao yameshakutana mara moja. Kupima gauni kuchukue sehemu kubwa kuliko zote, mpaka karibu na sekunde ya 90. Kisha Ijumaa ya mama, kisha jina la filamu. Kuweka jina baada ya kizuizi, badala ya kuliweka mwanzoni, kunalifanya lisomeke kama jibu. Majina ya waigizaji yanaweza kuingia mapema juu ya shoti tulivu (shoti ni kipande kimoja cha picha, tangu kamera inapowashwa mpaka inapozimwa), kila jina likikaa kwa muda wa kutosha kusomwa mara mbili bila haraka.

Sasa chora shoti. Michoro ya vijiti inatosha, mradi ionyeshe nani yuko upande gani na anaangalia wapi. Katika mapenzi mwelekeo wa macho ndio unaobeba hadithi, kwa hiyo heshimu ule mstari wa kufikirika unaopita kati ya wahusika wawili: kamera ikibaki upande mmoja wa mstari, binti ataangalia kulia na fundi ataangalia kushoto katika kila shoti, na mtazamaji ataamini kwamba wanatazamana hata kama picha zao zilipigwa kwa siku tofauti. Kamera ikivuka mstari, wote wawili wataonekana wanaangalia upande mmoja kama abiria wa daladala.

Weka pia utaratibu wa ukaribu. Mwanzoni kila mmoja awe na fremu yake, yaani picha yake peke yake, na nafasi tupu upande wa mwenzake. Shoti ya kwanza inayowaweka wote wawili pamoja iwe ile ya gauni mezani, ambapo mikono ya fundi iko mbele na kiwiliwili cha binti kiko nyuma nje ya fokasi, yaani kimefifia. Uso wa karibu kabisa utunzwe kwa wakati mmoja tu. Wanafunzi wengi hupiga uso wa karibu kuanzia sekunde ya kwanza, na wanapofika mahali penye uzito hawana tena pa kusogea. Shoti 14 hadi 16 zinatosha kwa dakika mbili hizi, na kwa kikundi kinachojifunza ni salama kutenga nusu saa kwa kila shoti, jambo ambalo tayari linajaza siku nzima.

Kibanda cha fundi huwa na kioo, na kioo ni zawadi kwa filamu hii, kwa sababu kinaruhusu watu watazamane bila kugeukiana. Lakini kina hila zake. Waigizaji wawili wanaoonana kwenye kioo kwa kweli hawataonekana hivyo kwa kamera iliyosimama mahali pengine. Ukitaka ionekane kwamba binti anamwona fundi ndani ya kioo, iweke kamera mahali pa kichwa cha binti, kisha mwambie fundi aitazame kamera kupitia kioo, au pembeni yake kwa upana wa kiganja. Akimwangalia mwenzake kwa uaminifu, macho yake yatakwenda upande usiofaa. Kamera ikae mshazari ili isijipige picha yenyewe, na jaribio lifanyike siku moja kabla, kwa kuwa kioo pia hugeuza kushoto kuwa kulia na huvuruga ule mstari tuliokwisha kuuchora.

Kuhusu kamera yenyewe, simu nzuri inatosha. Funga fokasi na kiwango cha mwanga visijibadilishe katikati ya shoti. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde pamoja na kasi ya shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde huepusha taa kupepesa kwenye picha, kasoro ambayo mara nyingi haionekani mpaka mtu akae kuhariri. Lenzi pana ya simu ikisogezwa karibu na uso hukuza pua na kupunguza masikio. Kama simu ina lenzi ya kuvuta, rudi nyuma na uitumie hiyo.

Mwanga unastahili kupangiwa saa kabla ya watu. Kibanda kinachoangalia mashariki hupata mwanga mzuri wa kuingia ndani kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi; saa sita mchana jua liko karibu utosini, na nyuso za watu waliosimama barazani huwa na vivuli vizito chini ya nyusi. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mstari wa mwanga juu ya meza hautabaki pale pale. Anza na shoti pana zinazoonyesha chumba chote, kisha malizia na za karibu, ambazo unaweza kuzitengenezea mwanga kwa karatasi nyeupe ya manila iliyoshikwa upande wa kivuli. Wanaong'ang'ania machweo wajue kwamba katika latitudo zetu jua hushuka karibu wima: kule Dar es Salaam, nyuzi sita za mwisho juu ya upeo wa macho huisha ndani ya dakika zipatazo 25, na jua likizama tu adhana ya magharibi huanza. Muda huo unatosha shoti tatu au nne zilizokwisha kufanyiwa mazoezi, basi.

Sauti katika mfano huu imejipanga yenyewe. Cherehani ya miguu inalia tangu mwanzo, na inanyamaza binti anapoingia. Kunyamaza huko kunasema zaidi ya muziki wowote, kwa hiyo kusifunikwe na wimbo. Mashine isiendeshwe wakati wa mazungumzo. Rekodi sauti yake peke yake baadaye, simu ikiwa karibu na gurudumu, kisha iweke wakati wa kuhariri. Rekodi pia dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwa ndani, ili ipatikane sauti ya kuziba mapengo. Paa la bati wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, halitabiriki, na mvua ikianza kunyesha hakuna mazungumzo yatakayosikika.

Ruhusa zianze kushughulikiwa wiki kadhaa kabla. Tanzania Bara, upigaji wa filamu unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976, na Zanzibar ina taratibu zake; Kenya inayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Mwalimu aulize mapema ni kibali gani kinahitajika kwa kazi ya darasani, na kikundi kiwe na barua ya utambulisho ya chuo au shule, nakala yake ikipelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye kibanda aelewe kwamba atapoteza wateja wa siku moja na alipwe kitu. Vivuko, bandari na vituo vya mabasi viepukwe kama hakuna kibali cha maandishi.

Waigizaji wasaini ridhaa, na walio chini ya miaka 18 wasainiwe na wazazi. Kila mguso, hata wa vidole vinavyopokezana kitambaa, uzungumzwe na kufanyiwa mazoezi mbele ya kikundi, na mwigizaji awe na haki ya kukataa bila kuulizwa sababu. Muziki nao uwe na idhini: sheria za Tanzania na Kenya zinalinda kazi ya mtunzi wakati wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na matamasha ya filamu, likiwemo lile la nchi za jahazi la Zanzibar (ZIFF) lililoanzishwa mwaka 1997, hayapendi kupokea filamu yenye wimbo usio na karatasi. Mwanafunzi mwenzako anayepiga udi au gitaa, akisaini ukurasa mmoja, atakuondolea tatizo hilo.

Neno moja kuhusu kanga, kwa kuwa kila kikundi huifikiria. Jina la kanga linaweza kusema kile wahusika wasichothubutu kukisema, lakini likivaliwa na binti litakuwa tangazo. Mvalishe mama, apite nalo mara moja tu mgongoni, kamera ikiwa sawa na maandishi kwa muda wa kuyasoma.

Uhariri wa kwanza ukikamilika, waonyeshe watu watatu ambao hawakusoma mswada, sauti ikiwa imezimwa, kisha waulize binti anataka nini na nani anamzuia. Wakijibu kwamba wawili hao wanapendana lakini hawajui kinachowazuia, shoti ya mama mlangoni imekatwa mapema mno. Irefushe na uiweke baada ya uso wa binti. Wakijua kizuizi lakini hawakuona mapenzi, tatizo liko kwenye upimaji wa gauni: ongeza sekunde kwa mikono, ondoa sekunde kwa nyuso, na kama picha hazitoshi, rudini kibandani asubuhi moja mpige meza ile upya kabla fundi halisi hajafungua kazi.