Baga ya uyoga wa kubanika: ukamue maji kabla hujaupaka chochote

Somo la leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza kupika baga ya uyoga ilikuwa Mwaka Mpya, nyumbani kwetu Tabata, na nilikuwa nimeshatangaza kwamba safari hii nyama haitagusa jiko langu. Nikaulaza uyoga mbichi kwenye viungo usiku kucha, kama ninavyofanya mishikaki, kesho yake nikaupanga juu ya wavu. Haukubanikika, ulichemka. Maji yakachuruzika kwenye makaa, moto ukafifia, majivu yakatupanda usoni, na nilichokitia kwenye mkate kikawa kama tambara la deki lililokolezwa kitunguu saumu. Shemeji yangu akainua baga yake, skonzi ikakatika, kipande cha chini kikabaki mezani. Hakulalamika. Aliuliza tu kama mayai yapo.

Kosa langu lilikuwa kuufanya uyoga kama nyama. Uyoga mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90. Ukiuloweka kwenye viungo unajaza ndoo iliyokwisha kujaa: viungo vinabaki nje, na chumvi inavuta maji ya ndani yatoke wakati usiotaka. Lakini una sifa moja ambayo nyama haina. Kuta zake zimejengwa kwa kaitini, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la kamba na la wadudu, na kaitini haiogopi moto. Nyama ukiizidisha inakakamaa, biringanya inakuwa uji, uyoga unabaki na utafunaji wake. Kwa hiyo unaweza kuukandamiza na kuukausha bila woga. Hilo ndilo somo lenyewe, mengine yote ni mapambo.

Uyoga upi

Mimi natumia mamama, ule wa kijivu au mweupe unaoota kwa vishada na unaolimwa kwenye mifuko ya mabua na pumba. Unapatikana kwa urahisi na bei yake haitishi. Ukipata portobello kwenye supamaketi kubwa, ni mtamu pia, na kofia yake moja inatosha mkate mmoja. Ila ujue unacholipia: portobello ni uyoga uleule wa vifungo vyeupe, jamii moja kabisa, umeachwa tu ukakomaa na kufunguka.

Chagua vishada vizima, vinene, vilivyoshikana kwenye kitako. Uyoga uliochambuliwa mmojammoja utakutoroka kwenye wavu.

Mahitaji ya baga nne

Uyoga mamama gramu 600 hadi 700 (usishtuke, utasinyaa sana), skonzi au mikate ya baga minne, sosi ya soya vijiko 3 vya chakula, ukwaju mzito kijiko 1 cha chakula, sukari guru kijiko 1 cha chai, punje 4 za kitunguu saumu na tangawizi ya kidole kimoja vilivyotwangwa pamoja, bizari nyembamba ya unga nusu kijiko cha chai, pilipili manga, mafuta ya alizeti vijiko 2. Chumvi sijaisahau. Sosi ya soya inatosha.

Kwa ndani: parachichi moja lililoiva, ndimu, kitunguu maji, nyanya ngumu mbili, pilipili mbuzi kwa anayeiweza.

Hatua ya kwanza: safisha

Pitisha kwenye maji ya bomba haraka, kung'uta, futa kwa kitambaa. Kuosha hakuna neno, kuloweka ndiko kubaya. Kata ncha ngumu ya kitako, lakini acha kitako chenyewe, ndicho kinachoshikilia kishada.

Hatua ya pili: kandamiza

Hapa usiwe na haraka. Pasha moto kikaango kizito, kile cha kuchomea chapati kinafaa sana, kikiwa kikavu bila tone la mafuta. Laza kishada, kofia zikitazama chini. Juu yake kalisha sufuria ndogo yenye maji nusu. Tako la sufuria lisugue kwanza, maana mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja alitupikia baga ya masizi.

Sasa sikiliza. Kwanza utasikia mlio wa chini kama watu wananong'ona chumba cha pili. Baada ya dakika moja unageuka kifilimbi chembamba, huo ni mvuke unaopenya kwenye vile vikunjo vya chini ya kofia. Maji ya kijivu yatatoka pembeni. Yakiwa mengi, inamisha kikaango uyamimine kwenye kikombe. Usiyatupe, hiyo ni supu, na nusu ya utamu wa uyoga imo humo. Kifilimbi kikinyamaza na ukaanza kusikia mchakacho mkavu, maji yamekwisha. Geuza, rudisha sufuria. Kwangu huwa ni dakika 6 upande wa kwanza na 4 wa pili, lakini wewe fuata sikio.

Kishada kilichokuwa na unene wa ngumi sasa ni bapa kama chapati ya maji, kina mabaka ya kahawia, na ukikiinua kwa koleo hakikatiki.

Hatua ya tatu: paka

Changanya sosi ya soya, ukwaju, sukari guru, saumu na tangawizi, bizari, pilipili manga, mafuta, na vijiko 2 vya yale maji ya kikombeni. Pakaza uyoga ungali wa moto. Utaona sosi inatoweka mbele ya macho yako, kwa sababu safari hii ndoo ni tupu. Dakika 10 zinatosha. Bakiza sosi kidogo.

Hatua ya nne: banika

Makaa yaive mpaka yavae jivu jeupe. Weka kiganja shibiri moja juu ya wavu. Ukihesabu mpaka nne ukalazimika kuondoa mkono, moto uko sawa. Ukifika kumi bila taabu, pepea kwanza. Paka wavu mafuta, laza uyoga, dakika 3 kila upande. Sosi uliyobakiza ipakwe mwishoni kabisa, kwa sababu ina sukari, na sukari ikitangulia inaungua kabla uyoga haujashika harufu ya moshi. Usiondoke hapo kwenda kupokea simu.

Hatua ya tano: panga

Kata skonzi, ubanike uso wa ndani mpaka upate ukoko. Ukoko huo ndio ungeokoa heshima yangu mbele ya shemeji. Ponda parachichi kwa ndimu na chumvi kidogo, paka pande zote mbili, ndiyo mayonezi yetu. Kitunguu kifikiche kwa chumvi, ukioshe, ukikamue. Nyanya toa mbegu na maji yake. Kachumbari ya majimaji itaharibu kazi yote uliyofanya kwenye kikaango.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimepanga chumba kimoja, natumia gesi, mkaa mwenye nyumba hataki. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Mwenye nyumba yuko sahihi, na hata angekubali, jiko la mkaa usiliwashe ndani ya chumba kilichofungwa. Ile hewa ya sumu haina harufu, na inaua watu usingizini. Malizia kwenye kikaango hichohicho: ukishapaka sosi, tia mafuta kijiko kimoja, ongeza moto, kandamiza tena dakika 2 kila upande mpaka kingo ziwe nyeusi kidogo. Utakosa moshi, lakini ukaukaji utaupata, na kati ya hivyo viwili ukaukaji ndio wenye maana zaidi.

*Mwalimu, huku kwetu Songea mvua zikianza uyoga wa porini umejaa, bure kabisa. Kwa nini ninunue?*

Wa porini mtamu kuliko mamama, sikatai, hasa ule unaoota kwenye vichuguu. Huo wanaoulima ni mchwa wenyewe, ndiyo maana huuoni umelimwa kwenye mifuko. Kama mama au bibi yako anaufahamu, ameuokota miaka yote mahali palepale, kula kwa amani. Kama wewe ndiye unayebahatisha, acha. Kuna uyoga ambao sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kubanika wala kukausha. Mtu anakula jioni, analala salama, tumbo linaanza kumkata baada ya saa 6 au hata zaidi ya 12, kisha anapata nafuu na kudhani yamepita, kumbe ini linaharibika. Na zile habari za kutia sarafu ya fedha au kitunguu kwenye sufuria uone kama kitabadilika rangi, au kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, zote ni uongo. Mtu akiumwa baada ya kula uyoga, mkimbizeni hospitali na mbebe mabaki ya uyoga wenyewe.

*Dada, mimi ni Msabato, nyama tuliacha zamani nyumbani. Je, baga hii inatosha badala ya nyama kwa watoto?*

Kwa ladha, ndiyo. Kwa protini, hapana, na nisingependa mtu akudanganye. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kama gramu 3 tu. Maharage yaliyochemshwa, uzito huohuo, yanakaribia gramu 9. Kwa hiyo badala ya parachichi tupu, ponda maharage au dengu upake chini ya uyoga, au wape kikombe cha karanga pembeni. Na vitamini B12 usiitafute kwenye uyoga, kwa wasiogusa kabisa nyama, maziwa wala mayai ulizeni kituo cha afya.

*Kwani uyoga ni mmea?*

Si mmea, ni kuvu. Hauna majani ya kijani wala haujitengenezei chakula kwa jua. Ila haujawahi kulia wala kukimbia, kwa hiyo wasiokula nyama wanaula, na mimi siingii zaidi kwenye ubishi huo. Jambo moja tu: ukiuanika juani saa moja kabla ya kuupika, vikunjo vikitazama juu, unajitengenezea vitamini D kama ngozi yako inavyofanya.

*Nimefunga Kwaresima, sili cha mnyama hata maziwa. Skonzi za dukani zinafaa?*

Mara nyingi hazifai, skonzi nyororo huwa na maziwa, siagi au yai. Muulize mwokaji, au soma karatasi kama imefungwa. Mkate mkavu wa kawaida mara nyingi ni unga, maji, hamira, sukari, chumvi na mafuta, lakini uliza vilevile. Au achana na skonzi kabisa, kunja uyoga kwenye chapati uliyoikanda mwenyewe kwa mafuta ya alizeti. Nyumbani kwangu watoto wanaipenda hivyo kuliko baga.

*Mimi nilisaga uyoga nikatengeneza kebabu za duara. Zilibomoka zote kwenye wavu, mwalimu. Zote.*

Pole kaka. Ukisaga uyoga mbichi umeyafungulia maji yote milango kwa mpigo. Ukitaka umbo la duara, katakata badala ya kusaga, kaanga bila mafuta mpaka sufuria ikauke kabisa, poza, ndipo uchanganye na maharage yaliyopondwa na unga wa dengu vijiko 3 au 4 vya chakula. Ziweke kwenye friji saa nzima kabla ya moto, na uzipike kwenye kikaango. Wavu haziuwezi. Mimi mwenyewe sizipiki, naona ukiwa na kishada kizuri kukikatakata ni kukionea.

*Niliununua Jumamosi, Jumatatu unateleza na unanuka. Niliufunga vizuri kwenye nailoni nikaweka kwenye friji.*

Nailoni ndiyo iliyouua. Uyoga ukishavunwa bado unapumua na kutoa jasho, ukiufungia unajilowesha mwenyewe. Utoe kwenye kifungashio, uweke kwenye mfuko wa karatasi au uuviringe kwa kitambaa kikavu, friji ya chini, na uule ndani ya siku 3 au 4. Ukiteleza, tupa. Ukiwa na safari, fanya hatua ya pili tu, uukandamize na kuukausha, upoze, uweke kwenye chombo chenye mfuniko. Utakaa siku 3 zaidi, na siku ya kubanika umebakiza sosi na moto.