Jinsi ya kuandaa bonanza la gemu mtaani watu wasigombane

Kikubwa ni hiki, malizaneni maneno kabla pedi za kuchezea hazijashikwa. Mwaka jana kibandani kwetu huku Chang'ombe, Dodoma, tulifanya bonanza la gemu la mpira la FC (ile tuliyozoea kuiita FIFA mpaka 2023 walipobadili jina), fainali ikafika dakika ya 78 ubao unasoma 2-1, umeme ukakata. Anaeongoza anasema mechi imeisha, mwenzake anasema tuanze 0-0, na kusema kweli wote walikuwa na haki mana hatukukubaliana kitu. Wale madogo walikuwa wanashinda pamoja, sa hivi wanapishana njiani bila salamu. Iliniuma sana.

Sasa tunafanya hivi. Refa anakaa na daftari, kila goli likiingia anaandika dakika na nani kafunga. Umeme ukikata mnasubiri, ukirudi mnaanzisha mechi mpya kwa timu zilezile ila mnacheza dakika zilizobaki tu, yani kama ilikata ya 78 basi saa ya kwenye skrini ikifika 12 mnaacha hapohapo na magoli mnajumlisha na ya mwanzo. Kadi nyekundu ndo huwezi kuirudisha, hilo liambieni kila mtu asubuhi kabisa.

Pedi zipimwe. Fungua menyu, weka pedi mezani usiiguse, ukiona alama kwenye skrini inahama yenyewe kutoka chaguo moja kwenda lingine ujue stiki imechoka, itoe. Zilizobaki mgeni achague kwanza, mana mwenyeji anazicheza kila siku anajua ipi kitufe cha kupiga shuti kinagoma.

Setingi ziwe moja kwa wote: dakika 6 za kawaida kila kipindi (saa ya kwenye skrini yenyewe inakimbia mpaka 90), timu za nyota zinazolingana (nyota ambazo gemu linaipa timu kwa ubora wake), na difensi ya aina moja. Hapo kwenye difensi kuwa makini, ile ya zamani unashikilia kitufe tu beki anamfata mwenye mpira mwenyewe, sasa mmoja akiiweka kimyakimya na mwenzake yuko kwenye ya kawaida huo sio mchezo, ni wizi.

Kupozi, yani kusimamisha gemu, ni mpira ukitoka nje tu. Mtu akipozi wakati mwenzake kabaki na kipa, sisi tunampa mwenzake goli, na tangu tuweke hiyo sheria hakuna aliyerudia.

Kiingilio ashike mtu asiyecheza. Droo ni vikaratasi kwenye kofia, avute dogo yeyote asiye na timu.

Utani ruksa, Simba na Yanga tunataniana kila siku, ila mzazi wa mtu asitajwe, na dogo mwenye miaka 10 akifungwa 7 usimzomee, mpe mkono mwambie wapi alikosea.

Mechi ikiisha refa apige picha ya skrini yenye matokeo kwanza, ndo mtu abonyeze kitufe.