Jinsi ya kupanga jaribio la kumrudisha mtu utotoni kwa hipnosisi

Mwambie mtu mzima aliye ndani ya hipnosisi, yaani hali ya kuzama na kufuata maelekezo ya mwendeshaji, kwamba ana miaka sita: sauti itakuwa nyembamba, mwandiko utapindapinda, na kila aliyemo chumbani ataamini. Ndiyo maana jaribio lisitegemee macho ya watazamaji. Tafuta kitu kinachoweza kukaguliwa.

Kukitafuta kunaanza kabla mshiriki wa kwanza hajaitwa. Kusanya kwa wazazi michoro ya zamani, madaftari ya shule, na aina ya mwanasesere au blanketi ambalo mtoto hakulala bila hilo. Funga majibu kwenye bahasha, akae nayo mtu asiyeingia chumbani. Mwaka 1986 mtafiti Michael Nash na wenzake waliwauliza akina mama namna hiyo. Vitu vilivyotajwa na waliorudishwa utotoni vililingana na maelezo ya mama kwa asilimia 21 tu. Walioigiza, yaani walioagizwa wajifanye tu wamehipnotishwa, walipatia asilimia 70. Hisia za waliorudishwa zilifanana kweli na za watoto, ila kumbukumbu ziliwapotosha.

Kisha pima washiriki wote kwa kipimo cha Stanford, Fomu C, kinachoonyesha mtu anahipnotishwa kwa urahisi kiasi gani, chenye vipengele 12. Wenye alama za juu, tuseme 9 hadi 12, waingie kundi la hipnosisi. Wenye alama za chini kabisa usiwaache: hao ndio waigizaji. Msaidizi awaagize wajifanye wamezama, na awaonye kwamba mwendeshaji akiwagundua atasimamisha kazi. Mwendeshaji mwenyewe asijue nani yuko kundi gani. Muundo huu ni wa mtafiti wa hipnosisi Martin Orne, na wengi huutafsiri vibaya. Makundi mawili yakifanana, hujathibitisha kwamba waliohipnotishwa wanaigiza. Umeonyesha tu kwamba tabia hiyo yaweza kuzalishwa na maelekezo na ishara za chumbani, bila hipnosisi yoyote.

Majaribio mengi huharibikia kwenye maswali. Mwaka 1949 Robert True aliandika katika jarida la Science kuhusu watu 50 waliorudishwa umri wa miaka 10, 7 na 4, wakaulizwa Krismasi na siku yao ya kuzaliwa ziliangukia siku gani ya wiki. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 93, 82 na 69. Baadaye ikajulikana kwamba muulizaji alikuwa na kalenda, na aliuliza, "Ni Jumatatu? Ni Jumanne?" Kubadilika kidogo kwa sauti kunatosha kuvujisha jibu. Tena watoto halisi wa miaka minne walipoulizwa, wengi hawakujua hata leo ni siku gani! Basi swali liwe wazi, lisomwe kama lilivyoandikwa, na asomaye asijue jibu. Jaribu maswali yale yale kwa watoto wa umri huo pia.

Rekodi kila kitu, kwa sababu migongano midogo ina thamani kubwa. Mshiriki mmoja wa Orne, aliyekuwa akizungumza Kijerumani tu alipokuwa mtoto, aliulizwa kwa Kiingereza kama anaelewa Kiingereza. Akajibu, "Nein."

Siku nyingine, kwa hipnosisi, mpeleke mshiriki yule yule mbele, kwenye wakati ujao, kwa idadi ile ile ya miaka. Watafiti Rubenstein na Newman waliripoti mwaka 1954 kwamba watu waliopelekwa mbele huusimulia wakati ujao kana kwamba wanauishi. Huko hakuna kumbukumbu ya kuchota, kwa hiyo wingi wa maelezo yao ndio kiwango chako cha kupimia mawazo ya kubuni. Wakadiriaji, yaani wanaopima maelezo hayo, wapewe nakala za rekodi zilizofutwa tarehe na umri.

Kwa kurudisha, chagua siku ya kawaida ya shule; misiba na vipigo usiviguse. Mrudishe mtu kwenye umri wake hatua kwa hatua, kisha aulizwe mwaka, mahali na umri wake kabla hajainuka kitini. Mweleze waziwazi kwamba aliyoyaona si ushahidi. Katika jaribio la watafiti Laurence na Perry la mwaka 1983, watu 27 walirudishwa usiku mmoja wa wiki iliyopita na kudokezewa kelele ambazo hazikuwepo. 13 waliamka wakiamini walizisikia.