Kabla hujamtajia mhariri bei ya picha

"Kaka, ile picha yako ya madau pale Feri, unatuachia kwa shilingi ngapi?" Simu za majarida ya hapa Dar huanza hivyo, na wengi wetu wapiga picha hujibu kwa kutaja namba. Ukishaitaja umejifunga, na bado hujui anataka kuifanyia nini. Anza wewe kuuliza. Inaenda kwenye jalada au kurasa za ndani? Robo ukurasa, au kurasa mbili zinazotazamana? Ni toleo hili tu? Mtaipandisha na Instagram? Mnachapa nakala ngapi? Akishakujibu, mwambie utampigia baadaye, kisha kaa upige hesabu.

Hesabu hiyo inaanzia kwenye kujua nini ni chako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha tangu ilipopigwa, bila kusubiri usajili, na kwa kuwa Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, hata jarida la Nairobi au London halina kisingizio. Kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, si sharti la kuwa na haki, ila cheti chao kinakusaidia sana siku mnapobishana picha ni ya nani. Aliyeajiriwa yuko kwingine: picha za kazini kwa kawaida ni za mwajiri, labda mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo kama una mshahara gazetini na kazi zako binafsi jioni, soma kwanza mkataba wa ajira kabla hujamuuzia mtu mwingine chochote.

Unachompa mchapishaji basi ni ruhusa ya kutumia, picha inabaki yako. Mwenye fremu ya duka Kariakoo hapangishi bila kusema ni miezi mingapi na mpangaji atauza nini humo ndani. Na wewe andika pembeni, kabla ya kikao: itatumika mara ngapi, kwenye nini, nchi zipi, hadi lini, na kama wengine wanaruhusiwa kuitumia wakati huohuo. Hili la mwisho ndilo watu hulitoa bure. Mhariri akisema hataki kuiona picha hiyo kwenye jarida jingine, anakuzuia kuuza, na kukuzuia kuuza kuna bei yake. Mpe upekee wa miezi mitatu baada ya toleo kutoka, si wa milele, na umlipishe.

Halafu omba mkataba siku mbili kabla ya kusaini. Usikubali kuusomea ofisini huku kijana wa mapokezi anakungoja na kalamu. Kifungu cha kutafuta mara nyingi husomeka hivi:

"Mpiga picha anamkabidhi mchapishaji haki zote za picha, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyokuja, bila kikomo cha muda, pamoja na haki ya kuwapa washirika wake."

Ukisaini hapo, picha imeondoka. Hao washirika wanaweza kuwa benki inayodhamini kurasa za katikati, na mwaka kesho unaikuta picha yako kwenye bango kubwa Barabara ya Bagamoyo, wakati wewe ulilipwa pesa ya nusu ukurasa. Matangazo ya biashara hulipiwa juu sana kuliko habari, na jarida linalijua hilo. Nenda na kifungu chako mkononi:

"Mpiga picha anamruhusu mchapishaji kutumia picha hii mara moja, ndani ya toleo la Julai, isizidi nusu ukurasa, na kwenye tovuti ya jarida kwa miezi 12. Matumizi mengine, yakiwemo matangazo, yatakubaliwa na kulipiwa kando."

Ni sentensi mbili tu. Wahariri wengi hawana ugomvi nazo, kwa sababu mkataba ule wa kwanza si wao walioutunga. Ni nakala iliyokaa ofisini miaka na hakuna aliyewahi kuuhoji. Akikataa kabisa na kung'ang'ania haki zote, sawa, ila bei hiyo iwe ya kuuza, mara kadhaa ya ile ya kuruhusu. Binafsi naona heri kuikosa kazi kuliko kuachia haki zote kwa ahadi ya "tutakutangaza jina". Jina lako chini ya picha ni haki yako kisheria. Wasilihesabu kama malipo.

Watu waliomo kwenye picha wanasahaulika hadi jarida liulize. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu anayetambulika si jambo la kupuuza, hasa picha ikitoka kwenye habari ikaingia kwenye tangazo. Tembea na karatasi fupi ya idhini, kwa Kiswahili, yenye jina, namba ya simu, sahihi na maelezo ya matumizi. Mama muuza samaki akishasaini, ipige picha karatasi yenyewe palepale. Karatasi za Feri hulowa. Kwa mtoto, asaini mzazi au mlezi.

Faili nazo zina mpangilio wake. Za kuchagulia, tuma ndogo, pikseli 1,200 upande mrefu zinatosha. Ile kubwa, ambayo kwa ukurasa mzima wa A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2,480 kwa 3,508, ibaki kwako hadi mmesainiana. Jina lako na haki zako viandikwe ndani ya faili, kwenye metadata, yaani maelezo yanayosafiri na faili yenyewe. Na usitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, inayafuta hayo yote. Tuma kama dokumenti au kwa barua pepe.

Imebaki pesa. Uliza inalipwa lini: ikikabidhiwa, au ikichapishwa? Ya pili ni mtego, maana toleo huahirishwa na picha huondolewa dakika za mwisho. Andikeni kiasi utakacholipwa ikiwa waliagiza kazi kisha hawakuitumia. Kisha kodi ya zuio, ile ambayo jarida linaikata kwenye malipo yako kabla ya kukupa. Malipo yakiingizwa kwenye hesabu zao kama huduma, kwa mkazi inakatwa asilimia 5. Yakiingizwa kama mrabaha, yaani malipo ya kutumia haki yako, asilimia 15. Muulize mhasibu wao atayaweka wapi kabla hujataja bei, na siku ya malipo udai cheti cha zuio, kwa sababu bila hicho utapata shida kuionyesha TRA, mamlaka ya mapato, kwamba pesa hiyo ilishakatwa.