Kuondoa Mlio wa Breki kwenye Land Rover Series III

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, ina breki za dramu (ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu) kwenye magurudumu yote manne, na mlio wake hutokana na breki shuu (vipande vya chuma vilivyopinda vilivyo ndani ya dramu) kutetemeka zinapokwaruzana na dramu. Baadhi ya mafundi hukimbilia kununua shuu mpya kabla hata ya kulifungua gurudumu, jambo ambalo mara nyingi ni hasara tupu.

Kabla ya kupiga jeki, fahamu kwamba breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, bali hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likishanyanyuka, difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya ekseli) huliruhusu kuzunguka na gari linaweza kuserereka hadi likaanguka. Zuia kwa vigingi magurudumu yaliyobaki chini, kisha liegemeze gari juu ya stendi imara.

Vua gurudumu, legeza ajasta (ya kurekebisha nafasi kati ya shuu na dramu) iliyo nyuma ya bamba linaloshikilia shuu, ondoa skrubu za dramu, kisha uivute huku ukiigonga taratibu. Usipulize vumbi kwa kompresa, kwa sababu lainingi (tabaka la kusugua lililobandikwa juu ya shuu) za zamani huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Vaa barakoa na ufute kwa kitambaa kilicholowa maji.

Sasa tazama lainingi. Ikiwa imelowa, ama sili ya habu (kizuizi cha mafuta kwenye kitovu cha gurudumu) inapitisha mafuta au silinda ya gurudumu, inayosukuma shuu kwa mafuta ya breki, inavuja. Ziba uvujaji kwanza, kisha badilisha shuu za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, maana lainingi iliyokwisha kunywa mafuta haifai tena hata ukiisugua kutwa nzima. Ikiwa ni kavu lakini inang'aa kama kioo, na una hakika haina asbesto, ikwaruze kwa msasa na upunguze kwa tupa makali ya ncha zake. Paka grisi ya kuhimili joto, kiasi kidogo mno, pale ambapo ukingo wa shuu husugua bamba, na ubadilishe springi zilizolegea.

Ukisharudisha dramu na gurudumu, kaza ajasta hadi gurudumu ligome, kisha ilegeze kidogo hadi lizunguke bila kukwama. Kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuondoka, ujaribu mahali pasipo na magari. Mlio wa asubuhi baada ya mvua, unaokoma ukishafunga breki mara mbili tatu, ni kutu nyepesi ya usiku na hauhitaji kufunguliwa chochote.