Kukimbia njia za mlimani juu ya Ziwa Tanganyika, Kigoma: jinsi ya kuanza na hasa jinsi ya kushuka

Mpwa wangu alikuja likizo toka Dar, kijana wa mazoezi kabisa, kilomita kumi za lami kwake ni kawaida, akaniambia mjomba nipeleke kule unakokimbiaga juu ya ziwa. Nikampeleka. Kupanda alinisumbua kweli, kushuka alikaa chini mara nne na kucha ya dole gumba ikawa nyeusi. Tumerudi mara tano tangu siku hiyo na sasa anashuka vizuri, kwa hiyo naandika hapa yale niliyomwelekeza, na wengine wayapate.

Hatua ya 1: muda

Ukitoka Dar sahau mazoea yako ya saa. Kigoma tuko mwisho wa magharibi ila saa ni moja nchi nzima, kwa hiyo saa 12 asubuhi huku bado giza, jua linatoka karibia saa 1. Mimi naanza saa 12 na dakika 45, mwanga unatosha kuona jiwe, na kama ni siku za giza, usiku usio na mwezi, ukiangalia chini unaona taa za wavuvi wa dagaa zinarudi pwani mojamoja. Jioni siishauri, jua likishaingia nyuma ya milima ya Kongo, chini ya miti giza linakuwahi. Miezi mizuri ni ya sita mpaka ya nane. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua zinageuza njia kuwa mitaro.

Hatua ya 2: viatu

Raba za lami hapana. Tafuta kiatu chenye meno chini, mitumba vipo vizuri tu, kipindue, kikunje, kikijikunja katikati kama chapati kiache hapohapo. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole. Maji beba kwenye kibegi cha mgongoni, lita moja. Chupa ya mkononi mimi siikubali kabisa, ukiteleza unahitaji mikono yote miwili.

Hatua ya 3: njia

Panda daladala la Katonga, shuka, uliza njia za miguu za upande wa ufukwe wa Jakobsen. Anza na kilomita tatu. Watu wananiuliza kuhusu Gombe: ile ni hifadhi ya taifa tangu 1968, unaingia kwa boti na unatembea na mwongozaji, kuna sokwe mle, usiende na akili ya kukimbia.

Hatua ya 4: kupanda

Tembea. Mikono kwenye mapaja, pumua. Basi.

Hatua ya 5: kushuka

Hapa ndo penyewe, soma taratibu. Kiangazi miombo inapukutisha majani, na chini ya yale majani kuna changarawe za mviringo kama gololi, huzioni mpaka umekanyaga. Mwaka juzi nilikuwa nashuka huku naangalia mtumbwi kule ziwani, mguu ukaenda, kifundo kikapinda nikasikia mlio. Zilikuwa zimebaki kilomita mbili hivi, zilinichukua karibia masaa matatu. Mama mmoja alikuwa anapita na mzigo wa kuni kichwani, akautua, akachomoa fimbo ndefu katikati ya mzigo wake, akanipa, "pole baba, shuka nayo polepole". Ile fimbo ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo, kabla hujaanza kushuka, simama ufunge kamba upya. Pitisha mpaka tundu la mwisho kabisa la juu ambalo wengi wanaliachaga, kisigino kikae nyuma kisicheze. Kucha ya mpwa wangu iliponea hapo, mguu ulikuwa unasogea mbele kila hatua na dole linagonga kiatu.

Halafu mwili. Kila mtu akiogopa anaegemea nyuma, na ukiegemea nyuma kisigino ndo kinateleza, unakaa chini. Fuata mteremko, egemea mbele kidogo tu, magoti yalegee, mikono itanue kama mtu anayevuka gogo. Hatua fupifupi za haraka, ukirusha mguu mbali umekwisha. Macho mita tatu au nne mbele, sio kwenye vidole na sio ziwani. Ukitaka kuangalia ziwa simama, liangalie hata dakika tano, halafu uendelee.

Penye majani mengi kanyaga pale udongo unapoonekana. Pakiwa pakali sana geuka upande, shuka kwa kukata kona kona. Mizizi mikavu sawa, iliyolowa usiiguse. Na baada ya mvua haya yote hayasaidii sana, udongo mwekundu unajaza meno ya kiatu, siku hiyo tembea tu.

Usijifunzie njia nzima. Tafuta kipande cha mita hamsini, panda ukitembea, shuka, rudia mara sita, siku nyingine tena. Mapaja yatauma zaidi siku ya pili, ni kawaida, kushuka misuli inafunga breki huku inavutika. Ila goti likiuma upande wa nje acha kukimbia, usimeze dawa ili uendelee.

Ukikutana na kina mama wa kuni, wewe ndo unayesimama pembeni, toa shikamoo, wao ndo wenye mzigo.

Hatua ya 6: ziwani

Ukifika chini vua viatu, kung'uta changarawe, ingiza miguu majini dakika kumi. Chagua penye mawe na mawimbi, sio penye majani na maji yaliyotulia, kichocho kinakaa huko. Na ishia magotini. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470, na ule mlima uliokuwa unaushuka hauishii pale pwani, unaendelea na mteremko wake chini ya maji, hatua chache tu kutoka kwenye mawe unakosa pa kukanyaga, na mapaja yakiwa yamechoka hayakurudishi.